Nikaribisheni Tu

Zamani nilijua kama binti yangu yuko nyumbani kabla sijafungua geti. Sikuhitaji kumwona. Nilisikia kijiko kikikwangua sufuria, kwaru, kwaru, kwaru, halafu kimya kifupi cha kutafuna, halafu kwaru tena. Ukoko. Nyumbani kwetu Mbeya, wali ukiiva, ukoko ni mali ya aliyekaa jikoni na mpishi, na binti yangu alihakikisha hakuna mwingine anayekaa jikoni na mpishi. Ugali nao ilikuwa vilevile. Alikuwa na miaka sita, anakwangua kama fundi anayetoa rangi ya zamani kwenye mlango, na mimi nimesimama nje na mfuko wa nyanya mkononi, najifanya natafuta ufunguo ambao uko kwenye kidole changu.

Tangu augue nimeusikia mlio huo mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mimi ni dalali wa viazi. Kazi yangu ni kusimama kati ya mkulima anayetaka bei ipande na mnunuzi anayetaka ishuke, na kuwaaminisha wote wawili kwamba nipo upande wao. Gunia nalihesabu likipanda kwenye gari na nalihesabu tena likishuka, kwa sababu viazi vikifika barabarani huwa vinaota miguu. Nimepatana na watu waliokuja na panga, nimepatana na wajane, nimepatana hata na mchungaji, ambaye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini ugonjwa wa mtoto ulinivuruga kiasi kile. Ulikuwa kitu cha kwanza kukutana nacho ambacho ukikibembeleza hakipunguzi chochote.

Ulianza na tumbo. Sasa tumbo la mtoto nani analishangaa? Tukampa dawa ya minyoo. Likatulia, likarudi. Zahanati ya kwanza wakasema taifodi, ya pili wakasema yutiai, ya tatu wakasema vyote viwili. Ukiingia kwenye maabara ya mtaani ukatoka bila taifodi, angalia vizuri, huenda umechukua majibu ya mtu mwingine. Akanywa vidonge vya kila rangi. Mdomoni akatoka vidonda. Chooni alianza kukaa muda mrefu na mlango ameufunga kwa komeo, na siku mama yake alipousukuma ndipo tulipojua kuna damu, na kwamba damu hiyo si ya jana. Alikuwa ametuficha. "Niliona baba ana mawazo ya gari lililokwama," alisema.

Sketi ya shule mama yake aliibana kwa pini, kisha akahamisha kifungo, kisha akakihamisha tena. Wenzake wa darasa la kwanza walikuwa wakirefuka kama mahindi ya Februari. Yeye alibaki palepale, macho ndiyo yaliyokua.

Hospitali ya rufaa wakahisi kifua kikuu cha utumbo. Nikashangaa, kumbe kifua kikuu kinaweza kuhamia tumboni bila hata kukiaga kifua. Wakapima, si chenyewe. Mwisho tukapelekwa Dar es Salaam, akalazwa usingizi, wakapitisha kamera ndogo wakatazama ndani. Daktari wa watoto aliyetupa majibu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alituchorea utumbo kwenye karatasi, akauwekea nukta nyekundu.

Ugonjwa wa Crohn, alisema. Kinga ya mwili wa mtoto inaushambulia utumbo wake yenyewe, inauvimbisha na kuutia vidonda. Hauambukizi. Hakuna chakula tulichomlisha kikauleta, na hakuna jirani aliyeutuma. Hili la pili aliliongeza akinitazama mimi, sijui aliuonaje uso wangu. Hauponi moja kwa moja, ila unaweza kulazwa usingizi, na ukilala vizuri mtoto anakua, anasoma, anacheza kama wengine.

"Ukilala, unalala muda gani?" nikauliza.

"Inategemea."

Dalali halipendi neno hilo. Huwa nalitumia mimi.

Kwa jinsi mtoto alivyokonda, daktari alitaka aanze na maziwa maalumu ya unga, ya kopo, pamoja na vidonge. Maziwa hayo matupu. Ugali hapana, wali hapana, mboga hapana, tunda hapana. Utumbo upumzike, vidonda vifunge. Wiki nane.

"Nane, daktari?"

"Nane."

"Tufanye nne, halafu tunaangalia."

"Baba, hapa si sokoni."

"Najua. Ndiyo maana nasema tano."

Mke wangu alinikanyaga chini ya meza. Daktari alicheka vizuri tu, lakini nane ilibaki nane. Nikajaribu mlango wa uani: je, kijiko kimoja cha uji, cha kumpoza mtoto? Hata kijiko, alisema. Tukianza na kijiko hatutajua kama ni maziwa yaliyoshindwa au ni kijiko. Wiki zote za nyuma zitakuwa zimekwenda bure, tuanze upya, na huo mwili hauna akiba ya kuanza upya mara nyingi.

Binti yangu muda wote alikuwa anachezea kamba ya kiatu. Akainua uso.

"Na ukoko?"

"Ukoko nao ni wali, mwanangu," daktari alisema.

"Ukoko siyo wali. Ukoko ni ukoko."

Daktari alifikiri. Nilimpenda kwa hilo, kwamba alifikiri. "Nao tutausubirisha," alisema.

Nikatoka pale nimeshindwa na mtu ambaye hakupandisha hata sauti.

Tukarudi Mbeya na maboksi ya makopo. Maziwa yenyewe yalikuwa na harufu ya biskuti zilizokaa kwenye begi la plastiki. Alikunywa kikombe cha kwanza kwa heshima, kwa sababu ya safari. Cha pili akaanza biashara.

"Baba, nakunywa mpaka hapa." Kidole kikaonyesha katikati ya kikombe.

"Mpaka chini."

"Mpaka hapa, halafu kesho nakunywa cha kesho pamoja na hiki kilichobaki."

"Kikibaki kinaharibika."

"Basi kiharibikie kwako. Nimekuuzia."

Kama hujawahi kupatana na mtu uliyemzaa, usiseme umeshafanya biashara. Anajua bei yako ya mwisho kabla hujaijua mwenyewe. Nilimwahidi baiskeli, nikamwahidi kupanda lori la viazi mpaka Tunduma, nikamwahidi paka. Alikunywa. Lakini alikuwa akinywa huku anaangalia mlango wa jikoni, kama mtu anayekaa stendi na tiketi mkononi na gari halipo.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo ni la kawaida kiasi kwamba sikuwahi kulifikiria mpaka liliponikaba. Mtu akikukuta unakula, unasema karibu. Huchagui nani. Awe mpita njia, awe anayekudai, awe askari aliyekuja kuuliza leseni, unasema karibu tunakula. Naye anajibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka unalisikia, au ananawa mikono anakaa. Vyote viwili ni adabu. Kisichowezekana ni kula mbele ya mtu huku umenyamaza. Huko ni kumwambia kwamba hayupo.

Sasa utamwambiaje karibu mtoto aliyekatazwa hata kijiko? Na kama huwezi kumwambia karibu, utakulaje mbele yake?

Mimi na mama yake hatukukaa kikao. Tulianza tu. Mama yake akawa anakula kazini. Mimi nikawa nakula sokoni, wima, nyuma ya magunia, kama mtu anayevuta sigara akimkimbia mkewe. Nyumbani jiko la mkaa lilipoa, sufuria kubwa ikageuzwa ikawekwa juu ya kabati. Hayo tuliyaita huruma.

Jioni moja nilirudi, nikaketi naye kwenye kochi. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaunusa.

"Samaki," alisema.

"Sijala samaki."

"Wa kukaanga. Na ndimu."

"Alikuwa nao mteja."

"Mteja alikula kwa mkono wako?"

Hakulia. Aliushika mkono wangu akaurudisha mahali pake, juu ya goti langu, taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa mezani baada ya kusikia bei. Nilikaa pale na mkono wangu. Nilitamani anigombeze. Nilitamani hata aseme na mimi nataka, ili nipate pa kumjibia. Lakini alikuwa amekwisha kuuliza bei, ameona siyo ya kwake.

Shule zilipofungwa mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Idodi, huko Iringa, kwenye barabara ya kwenda mbugani. Hana salamu ndefu kwenye simu.

"Nileteeni mke mwenzangu. Hiyo baridi ya Mbeya ndiyo inayommaliza."

Mke mwenza ni binti yangu. Babu yake alifariki kabla hajazaliwa, lakini bibi anasema urithi ni urithi. Kuhusu baridi sikubishana. Idodi ni joto, ni mashamba ya mpunga, ni binamu wa kucheza nao, na mavuno yalikuwa yanaishia. Nilimweleza bibi kwa simu, na nikarudia, kwamba mtoto haruhusiwi kuweka chochote mdomoni ila maziwa haya na maji. Alinielewa. Tatizo letu ni kwamba alinielewa vizuri mno.

Mama yake alibaki, ruhusa zake zote zilikuwa zimekwisha hospitalini. Tukaenda wawili na begi la makopo. Niliyahesabu Mbeya, nikayahesabu tena Iringa mjini kabla ya kuunganisha gari. Binti yangu aliniangalia. "Yangekuwa viazi ningeelewa," alisema.

Inabidi niseme kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Tunaheshimiana kwa umbali. Nikifika nainama kidogo nasema kamwene, naye anaitikia kamwene, anaulizia safari akitazama pembeni, basi. Chakula changu huletwa sebuleni kwenye sinia, nakula peke yangu kama mgeni wa serikali. Jikoni kwake, kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, sijawahi kukanyaga tangu nitoe mahari. Mkwe anayeingia jikoni kwa mama mkwe ni sawa na anayeingia madhabahuni na kofia.

Kwa hiyo ilinichukua muda kugundua kwamba jikoni hakuwaki moto.

Kutoka uani niliona mafiga ya baridi. Hakuna moshi, hakuna harufu ya kitunguu. Hata chungu cha kupikia kande hakikuonekana. Bibi alikuwa amehamishia mapishi yote uani kwa jirani, nyuma ya uzio wa matete. Wanakwenda kula huko kwa zamu. Unaona binamu mmoja ameacha mpira ghafla, amepotea, anarudi midomo inang'aa, anaifuta kwa mkono wa shati. Halafu mwingine. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye hao watoto, aliniletea sinia limefunikwa kanga, akafunga mlango, akavuta pazia.

"Shemeji, kula upesi," alininong'oneza, "yuko kisimani na wenzake."

Nilikula wali mpya wa Idodi kama mtu anayekula ushahidi.

Na haikuishia hapo nyumbani. Bibi alikuwa ameshapita kwa majirani. Nikitembea na binti yangu barabarani jioni, niliona wanawake wakifunika vyungu. Muuza mihogo alikisukuma kikaango chake nyuma ya miguu, akasimama mbele yake akitusalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga. Nikajisemea moyoni, watu wema hawa. Na ni kweli walikuwa wema. Siwezi kumwonyesha hata mmoja pale nikasema huyu alikuwa na roho mbaya.

Siku moja mchana tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango, mimi na yeye. Yeye na kikombe chake. Barabarani akapita fundi wa baiskeli, mtu wa kuja tu, pampu begani. Alipofika usawa wa uzio wa jirani, zikatoka sauti kutoka nyuma ya matete, na moja ilikuwa ya bibi kabisa:

"Fundi, karibu! Karibu tunakula!"

"Aa, asanteni, nimeshiba." Pampu ikateremka begani. "Labda kidogo tu."

Wakacheka kule. Tukasikia maji ya kunawa yakimwagwa kwenye beseni.

Binti yangu aliweka kikombe chini.

"Baba, yule fundi ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Bibi anamjua?"

"Sidhani."

"Kaambiwa karibu."

Nikasema ndiyo, ameambiwa.

"Mimi tangu nije sijaambiwa."

"Mama, wewe umekatazwa kula. Unajua."

"Najua. Sijasema nataka kula."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka niambiwe." Alivuta pumzi. "Hata mwizi akipita na watu wanakula anaambiwa. Mimi nimeiba nini? Wananikimbia na masahani. Nikitokea tu wanafunika. Nimekuwa kama kuku."

Nikasema wanakuonea huruma, wanaogopa utatamani.

"Natamani hata wakijificha," alisema. "Nasikia harufu. Nikaribisheni tu. Mimi nitasema nimeshiba. Watu wazima wote wanasema wameshiba na hawajashiba. Hata wewe, ukienda kwa yule mzee unayemdai."

Halafu akamaliza kikombe mpaka chini bila mtu kumwambia, akanipa, akaenda kuwatafuta wenzake. Mgongo wake ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimeshazoea kumwangalia usoni kutafuta dalili, sikuwa nimemwangalia mgongo siku nyingi.

Nilipita uzio wa matete. Ikabidi. Bibi alikuwa amekaa na ungo anapepeta mchele, fundi anatafuna, shemeji akaniona kwanza akasimama na sufuria mkononi kama amefumaniwa.

"Mkwe!" bibi alisema bila kuinua macho. "Umepotea njia?"

"Sijapotea, mama. Nimekuja kuzungumza."

Fundi akagundua ghafla kwamba ameshiba kweli. Alipoondoka nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa kuruka ruka, kwa sababu naijua lugha ya kushusha bei na hapa nilikuwa naomba kitu kipandishwe. Bibi aliendelea kupepeta.

"Nimkaribishe mtoto kwenye chungu ambacho hapati," alisema mwishoni. "Huko si kumkaribisha. Huko ni kumcheka."

"Yeye anasema kutomkaribisha ndiko kumcheka."

"Kasema hivyo?"

"Kasema amekuwa kama kuku."

Ungo ukasimama. Bibi alitazama mchele kana kwamba ndio uliosema.

"Na akishika?" aliuliza. "Moto wangu, chungu changu, mkono wake pale. Akishika?"

"Hatashika."

"Unajuaje?"

Kwa kawaida hapo ndipo ninapoapa. Nina viapo vya kila msimu. Lakini nilimwangalia yule mama, na yeye safari hii akaniangalia machoni, jambo ambalo hatujawahi kufanya tangu tujuane.

"Sijui, mama," nilisema.

"Daktari alisema hata kijiko."

"Hata kijiko."

"Akila, yale maziwa yote aliyokunywa yamekwenda na maji."

"Yamekwenda."

"Na huo mwili."

"Na huo mwili, ndiyo."

"Hiyo si biashara, mkwe."

"Si biashara."

Akarudi kupepeta. Makapi yakaruka, upepo ukayachukua. "Kesho mchana nawasha moto kwangu," alisema. "Na wewe ukae sebuleni kwako. Usije ukanisimamia kama mkaguzi wa vipimo."

Kesho yake, kabla jua halijapanda sana, nikasikia kuni zikivunjwa nyuma ya nyumba. Halafu moshi. Halafu sauti ya bibi: "Mke mwenzangu, njoo unichochee moto, macho yangu yamechoka." Na miguu midogo ikikimbia. Nilikaa sebuleni kama nilivyoagizwa. Kuna dirisha dogo linalotazama uani, lakini mbele yake limewekwa kabati, na kabati nililiheshimu. Nilisikia mchele ukimwagwa kwenye maji. Nilisikia mfuniko, na makaa yakipangwa juu ya mfuniko. Harufu ikaanza kuja, ile ya wali mpya. Ningekuwa karibu na mtoto ningemshika mkono. Ndiyo maana nilifukuzwa.

Mkeka ukatandikwa. Sinia likawekwa chini. Binamu wakanawa kwa kusukumana. Kisha bibi akasema kwa sauti aliyokuwa amemwitia fundi, ile ile, haikuongezwa sukari:

"Mke mwenzangu, karibu. Tunakula."

"Asante, bibi," alisema binti yangu. "Nimeshiba."

"Karibu bwana, hata kidogo."

"Nimeshiba kweli. Ila nitakaa. Nina kikombe changu."

Wakacheka wote, na naye akacheka, na nilisikia akiburuta makalio kwenye mkeka kujipatia nafasi. Wakaanza kula. Binamu wa kiume, yule mkubwa, akashindwa kujizuia:

"Maziwa! Kama kitoto kichanga!"

"Kitoto kichanga kinasoma darasa la kwanza?" alimjibu. "Wewe mkubwa mbona unadondosha wali kama kuku amepita?"

"Mwache mke mwenzangu," bibi alisema, "atakutaliki."

Nikagundua mbele yangu pia pana sinia. Sikuwa nimemwona shemeji akilileta. Safari hii halikufunikwa, na pazia hakulivuta.

Sinia la uani lilipoisha, sikusikia binamu wakiondoka. Kulikuwa na jambo. Bibi akauliza, kama anavyouliza kila siku, maana katika nyumba ile ni sheria:

"Nani kachochea moto leo?"

Halafu mmoja, mdogo kabisa, kwa unyonge: "Yeye."

"Basi ukoko wa nani?"

"Wa kwake."

"Mpeni sufuria."

Nilisimama. Nikakaa. Nilifika mpaka kwenye kabati, nikarudi. Na hapo mlio ukaanza. Kwaru. Kwaru, kwaru. Mkono ule ule, kasi ile ile, unaanzia pembeni unazunguka kuelekea katikati. Ningeutambua popote, hata stendi ya mabasi. Nilifumba macho, nikawa nje ya geti langu na mfuko wa nyanya, ufunguo kidoleni, na ndani kuna mtoto mzima.

Ukakatika.

Kimya kifupi. Namaanisha kile kile kimya, urefu ule ule, ambacho miaka yote kilikuwa cha kutafuna. Nimewahi kungoja lori lililopinduka na mali ya watu, nimewahi kungoja majibu ya kamera. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama kile.

"Mbona yeye umempa kipande kikubwa?" binamu mmoja alilalamika.

"Nyamaza, wewe ulimaliza mboga yote. Haya, nani hajapata? Lete mkono. Siyo huo, huo mchafu."

Kwaru, kwaru.

Wiki nane ziliisha. Ugonjwa ukalala, kwa namna unavyolala, jicho moja wazi. Uliwahi kuamka na tukaulaza tena kwa dawa nyingine. Sasa anakula wali laini, viazi vya kuponda, ndizi zilizoiva, samaki tuliyemtoa miiba kwa tochi. Kifungo cha sketi kimerudi kilikotoka. Chakula kigumu tunaongeza polepole, kwa kusikiliza tumbo. Kuhusu ukoko daktari alisema tungoje kidogo, na hilo nilimfikishia mtoto kwa tahadhari nyingi, nikiwa nimeandaa ahadi mpya. Alisema sawa. Hajauliza tena. Nikifika getini jioni bado nasimama kidogo, najitafutia ufunguo. Ningependa auulizie. Ningependa anisumbue mpaka nichoke, anipandishie, anishushie, aniuzie kikombe kilichobaki.

Lakini siku ile Idodi alikuja sebuleni mwenyewe, mikono ameiinua mbele kama daktari anayekwenda kupasua. Kucha zilikuwa na vipande vya kahawia. Sinia langu halijaguswa.

"Karibu, mama," nilisema.

"Asante, baba. Nimeshiba."

Akakaa karibu yangu, akaninyooshea mkono wa kulia mpaka puani.

"Nusa."

Niliushika. Ulikuwa wa moto, una masizi, na bila shaka ulinukia wali, ungewezaje kutonukia wali. Pua isingeniambia kitu nilichotaka kujua. Nikaurudisha mahali pake, juu ya goti lake.

"Hunusi?"

"Sinusi."

Alinitazama kuona kama kuna ujanja. Kisha akasogeza sinia karibu yangu kwa kidole kimoja. "Basi kula. Kinapoa."

Nikanawa, nikala, mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam. Alikaa ameegemea mkono wangu wa kushoto, akiangalia kila tonge likipanda, jinsi mimi ninavyoangalia magunia yakipanda kwenye gari, na sikumuuliza anayahesabu mara ngapi.